Kisima cha Sita

Tuliwasha pampu saa kumi na mbili kamili asubuhi.
Dakika ya kwanza, pima. Ya pili, pima. Ya tatu.
Mwanzo maji hushuka mbio, kama mdaiwa aliyeona mlango wazi;
baadaye hutembea, nawe unapata nafasi ya chai.

Anantapur, mwezi wa nne.
Miti mia mbili na kumi ya ndimu tamu, majani yamejikunja.
Obulesu amechimba visima sita. Vitano ni matundu,
kavifunika mawe mbuzi wasitumbukie.
Hiki cha sita kilikula bangili za Chennamma, mkewe.
“Niambie tu,” asema, “ni cha miaka mingapi?”
Kana kwamba nimekuja na mizani, na maji ni mchele.

Nina utepe, tochi, daftari,
na pipa la lita mia mbili linalojaa kwa sekunde sitini na saba.
Siyapimi maji yenyewe. Napima pengo yanaloacha,
na jinsi habari ya kuvutwa kwake inavyosafiri gizani,
ufa hadi ufa, ndani ya matale.

Kwa hiyo nahitaji kisima cha pili.
Kilichopo, mita arobaini, ng'ambo ya ua wa miiba,
ni cha Pullanna. Nduguye, tumbo moja.
Hawajasemezana tangu shamba ligawanywe,
mwaka wa kumi na moja huu.
Nilikwenda kuomba mimi. Alifungua kifuniko
bila kuuliza ni kwa ajili ya nani.

Dakika ya tisini, maji ya Pullanna yalishuka unene wa kidole.
Saa ya tano, shubiri.
Sikusema kitu. Lakini alikuwa amechuchumaa kando yangu,
akiusoma utepe kwa macho yake.
“Kumbe,” akasema.
Basi.

Usiku, kwenye karatasi, nukta zilijipanga mstari mmoja.
Mteremko mkali, mwamba mchoyo; wa pole, mwamba mkarimu.
Huu ulikuwa wa pole, nikaanza kufurahi kwa niaba ya mtu mwingine.
Saa ya kumi na nne mstari ukavunjika goti.
Huko chini habari ilikuwa imegonga ukuta
wa jiwe jeusi ambalo hakuna aliyewahi kuliona,
ikarudi.
Ghala lina mwisho. Tena ni ghala moja.

Alfajiri tulizima. Kimya kikauma masikioni.
Sasa kuhesabu kurudi, na kurudi hakuna haraka:
jua limepanda, chai imepoa mara mbili,
maji bado hayajafika yalipokuwa jana.

“Bado kiasi gani?” Obulesu aliniuliza.
Nikafungua daftari.

“Vidole vitatu,” sauti ilijibu kutoka ng'ambo ya miiba.

Nilikwenda kupima baadaye. Alikosea nusu kidole.
Sikumsahihisha.