Kisanduku cha Mmiliki

Kishale kinapepesa ndani ya kisanduku:
Mmiliki wa data. Kando yake nyota nyekundu,
maana yake, hupiti bila kujaza.

Nina mistari elfu mbili mia tisa ishirini na miwili:
kimo cha maji, Mto Ngong, darajani Mukuru,
saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni,
miaka minne.

Mfadhili anasema ubao wa kupimia aliununua yeye.
Kweli. Risiti ninayo, hata ya skrubu sita.
Chuo kinasema seva ni yake, umeme ni wake,
na wewe, Kerubo, mshahara wako watoka wapi?
Kaunti inasema mto unapita kwake.
Mto haujaulizwa.

Kwenye makala kuna majina saba,
yaliyopangwa kwa siku tisa za barua pepe,
na wawili kati yao hadi leo hawasalimiani
wakipishana ngazini Chiromo.
Chini, baada ya yote, kwa herufi ndogo:
tunawashukuru wasaidizi wa mtaani.
Wasaidizi. Wingi wa adabu, nadhani,
kwa kuwa walikuwa mtu mmoja.

Syombua Nzioka, muuza makaa kwa mkebe.
Saba yake ina mkato kiunoni, isije ikasomwa moja.
Kila ukurasa una dole gumba lake, jeusi, pembeni chini,
pale alipofunua kuitafuta jana.
Nilipoyapiga picha yale madaftari kumi na moja
niliyafuta madole yote.
Data safi, ndivyo tunavyoiita.

Halafu mistari mitatu ya Aprili, mitupu.
Programu ikashauri: chukua ya kabla, chukua ya baada,
pitisha mstari katikati.
Nikabonyeza. Grafu ikateleza juu ya usiku ule
kama pasi juu ya shuka.

Leo nimempigia. Data hii ni ya nani?
Akacheka; nikasikia makaa yakimwagwa.
"Maji ni ya walioyatupa huko juu. Namba si unazo wewe?
Wape watu. Wape hata wanaotaka kujenga,
wajue pa kutojenga. Namba haipungui ikisomwa."
Akanyamaza kidogo.
"Ila zile tatu niliziacha wazi."

Tulizijaza, nikasema.

"Mlizijaza na nini?"

Sikuwa na jibu la kupita kwenye simu.

"Ubao ulizama, Kerubo. Nilikuwa juu ya bati la Nduku
na watoto watatu, hata mmoja si wangu.
Hapakuwa na namba. Hizo nyingine ni zenu, ni za kila mtu.
Hizo tatu ni zangu. Ziacheni wazi."

Nimezifuta. Grafu sasa ina pengo la jino,
na profesa ataliuliza kabla ya kunisalimu.
Kando yake nimeandika: hakuna kipimo;
mpimaji alikuwapo.

Kwenye kisanduku nimenakili jalada la daftari lake,
neno kwa neno:
Jina: Syombua Nzioka. Somo: Mto. Shule: Daraja.
Fomu imejibu kwa wekundu: taasisi haitambuliki.
Nimejaribu tena, bila somo, bila shule,
jina tupu.
Haitambuliki.

Saa kumi na mbili na dakika mbili simu inatetemeka mezani.
Mradi uliisha Juni. Aliarifiwa, kwa barua, kwa Kiingereza.

"71. Huko Ngong imeshaanza kunyesha."