Gramu Mia Tisa na Kumi

Jana usiku nilipima kila kitu kwa mizani ya unga:
redio, ndogo kama kipande cha sabuni,
betri, waya wa mita kumi,
ufito wa kuvulia samaki unaojikunja hadi urefu wa mkono,
kibofyo cha Mosi, cha kufungwa kwa mpira pajani.
Biskuti mbili. Penseli niliikata nusu.
Ithel, mume wangu, akauliza: Na akili umeiweka wapi?
Nikamjibu, hiyo haina uzito.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
kwenye lango la kondoo chini ya Moel y Wennol,
mguu uliondoka kabla sijauruhusu.

Kwanza njia ya trekta, kisha tope jeusi,
tope linalomeza kiatu na kukirudisha shingo upande,
kisha mlima wenyewe, mita mia nne za kwenda juu
ambazo hakuna azikimbiaye, hata anayeapa kwamba huzikimbia:
unainama, viganja juu ya magoti,
unausukuma mlima chini, hatua moja, hatua moja,
na kondoo wanakutazama kama wanavyoitazama mvua.

Kileleni, rundo la mawe na upepo.
Dakika thelathini na nane.
Mwaka jana zilikuwa thelathini na sita.
Nauegemeza ufito kwenye mawe, waya unapiga mluzi,
jasho linaanza kuganda mgongoni.
Hapa ndipo wanapogombana wale wawili niliowabeba:
mkimbiaji anasema, twende, tutakufa baridi.
Mwenye redio anasema, keti.

Naketi.
Moyo bado unatwanga,
na kidole kinaufuata moyo: nukta zangu zinakanyagana,
vistari vyangu vina kigugumizi.
Naita. Yupo nani? Yupo nani?
Mchakarisho tu, kama vitunguu kwenye mafuta.
Naita.

Wa kwanza Ufini, mwanamke, Tuulikki,
ananisikia kana kwamba nimekaa jikoni kwake;
theluji, anasema, bado imefika dirishani.
Wa pili fundi bomba wa Saksonia, mwenye haraka zake.
Wa tatu yuko juu ya mlima wake mwenyewe, Asturias,
naye anahema, nakijua kihoro hicho cha vistari,
kigugumizi kwa kigugumizi.
Waliosema milima haikutani
hawakuwa na waya.

Lakini sharti ni wanne. Kwa watatu kilele hakihesabiwi:
umekimbia tu, umelowa tu.
Dakika tano. Kumi. Vidole havinijui tena.
Wingu limeshalila bonde la pili na linakuja kwa la kwanza.

Kisha, chini kabisa ya kelele,
kama mtu akwaruzaye mlango kwa ukucha,
herufi. Kimya kirefu. Herufi.
Nikautambua mkono kabla ya jina.
Idwal, fundi saa, aliyenifundisha Mosi kwa kijiko na bakuli,
ambaye tangu Novemba ulimi wake umelala,
ulimi na upande wote wa kulia.
Anabofya kwa kushoto.
Bomba la moshi la nyumba yake lilikuwa pale, kilomita tatu,
lakini bega la mlima limesimama kati yetu,
na Ufini inasikika kuliko yeye.

Akanipa alama ndogo, za kweli. Hajawahi kunipendelea.
Nikaandika jina lake, la nne, karatasi ikilowa.
Nilidhani amemaliza.
Akaanza tena, herufi kwa herufi, mpaka mvua ikafika:
UNATETEMEKA
SHUKA

Nikakunja waya.
Kupanda nilikuwa nimepanda; ngoma ndiyo hii,
dakika kumi na saba za magoti na mawe yanayoteleza,
nikikata kulia, si kuelekea langoni,
bali kwenye ule moshi.

Penseli niliisahau juu.
Gramu mbili.