Geuza ya Pili

Feri imenitema upande wa kisiwani saa tatu kasorobo
na mkoba wa madaftari ya watoto wa Likoni,
na sinia ya mkate niliyoifunga kwa leso,
maana leo zamu ya chai ni yangu.

Darasa la kuazima, Majengo, ghorofa ya kwanza.
Madawati ya watoto wadogo: magoti yetu yapanda hadi kidevuni.
Nyambu wa Changamwe amewahi, kama kawaida yake.
Rukiya wa Kibokoni amekuja na chaki zake, za watu haziamini.
Wanje wa akademia ya Nyali, shati limenyooshwa pasi.
Na Mbeyu, kutoka Mishomoroni,
mwalimu wa bodi,
anayelipwa siku bodi ikikumbuka.

Mkutano wa kwanza, mwezi wa pili, tulikaa kama wakwe.
Kila mmoja alitaja wastani wa shule yake
kama mtu atajaye nasaba.
Ya darasani hayakutajwa.
Nani afunue chungu mbele ya majirani
asijue kama wali umeungua?

Leo pia zamu ya ubao ni yangu.
Wao wanafunzi, mimi mwalimu.
Nusu, gawanya kwa robo.
Nikasema kama nisemavyo tangu mwaka nilioajiriwa:
ya kwanza iacheni,
alama ibadilisheni,
ya pili igeuzeni miguu juu,
zidisheni.
Chaki ikalia. Jibu, mbili.

Rukiya akainua mkono, kitoto hasa, kidole chatikisika:
"Mwalimu, kwa nini twaigeuza?"

Nilicheka.
Nikamtazama Nyambu. Nyambu akatazama dirisha.
Wanje akafungua kitabu cha mwalimu, akakifunga.
Miaka ishirini na tatu.
Watoto sitini kwa mwaka, mara
— hapana, hiyo siizidishi.

"Sijui," nikasema.
Silabi tatu tu,
nami nimezikwepa umri wote wa kazi
kama mtu akwepaye dimbwi na viatu vya Idi.

Mbeyu akainuka. Hakwenda ubaoni.
Alifungua leso yangu, akaomba kisu,
akaukata mkate katikati.
Nusu moja akaisukuma kando.
"Hii nusu. Sitaki mgeuze kitu.
Nauliza tu: humu ndani mna robo ngapi?"
Akakata tena.
Iliki ikajaa darasa.
"Mkate mzima una robo nne.
Nusu ya mkate ina nusu ya hizo nne.
Ndiyo ile nne yenu inayoparamia juu
bila kusema yatoka wapi."

Hakuna aliyepiga makofi.
Nyambu alisema, "Rudia," akatafuta kalamu.
Wanje, ambaye shule yake ina mashine ya kuangaza ukutani,
alichora mkate kwa mkono, nyuma ya risiti.
Nami nilisimama na chaki yangu,
uso umenipata moto, na moyo,
sijui niseme nini juu ya moyo,
ulikuwa kama kabati lililohamishwa:
pale pa zamani pana alama sakafuni.

Rukiya hakuridhika. "Na robo kwa nusu?"
Mbeyu akasita.
"Hapo nami hukwama. Watoto hawakubali
kwamba kugawanya kunaweza kuzaa nusu."
Basi tukabishana hadi adhana ya adhuhuri,
tukichora, tukifuta, tukila ushahidi.

Kwenye ngazi Mbeyu alijifanya anafunga kamba za viatu
ili tutangulie, asitembee nasi hadi stendi.
Viatu vyake havina kamba.
Wanje akarudi juu, "nimesahau kalamu," akasema.
Waliteremka pamoja. Hatukuuliza.

Ndani ya mkoba, kati ya madaftari,
nimeficha kipande kimoja kwenye karatasi.
Jumatatu, Gredi ya Sita, kabla ya kufungua kitabu,
nitawaambia kwamba wiki jana niliwapa jibu
na sababu nikasahau nyumbani.
Kitakuwa kimekauka.
Watakigombea hivyo hivyo.