Aliyebaki na Mayai

Mwezi wa nne, theluji ikiwa bado mgongoni mwa mlima,
dume hutangulia kufika.
Hupanda kutoka kilindini, huko asikoonekana,
duara kama buli, hana magamba,
ngozi yake vinundu vitupu,
wala hana kibofu cha hewa cha kumwinua:
akiacha kuogelea, anazama.

Hutafuta ufa mwambani, chini ya misitu ya mwani,
akavaa wekundu wa paa la kanisa la Steinavik,
lile lililopakwa rangi kabla ya harusi ya Hallbera.
Jike huja, mkubwa kumshinda, wa kijivu,
humwaga mayai laki moja, yakagandamana kama sifongo,
kisha huyoo, anarudi zake kilindini.
Hatumlaumu. Ana njaa, na bahari ni pana.

Dume hubaki.
Mapezi yake ya tumboni yameungana yakawa kikombe,
nacho hujigandisha jiweni kama ruba.
Huyapulizia mayai maji mapya,
mdomo ukifunguka, ukifumba,
mchana na usiku, wiki sita, saba,
hali kitu.
Kaa akija, humsukuma.
Kiti cha pweza kikitambaa, hukigonga kwa kichwa.

Mwaka ule mama alipokwenda kusini kufanya kazi hospitali
na barua zikapungua,
nilikuwa na miaka tisa.
Siku ya bamvua maji yalikupwa hadi pasipowahi kukauka,
tukamwona, mimi na baba:
nusu ya mgongo hewani, matamvua yakihema,
shakwe watatu wakimkodolea.
Nilidhani atakimbia. Maji yalikuwa hatua mbili tu.
Hakuliachia jiwe.

Baba yangu Ingjaldur, mtu wa kuhesabu kila dakika ya nyavu,
alivua buti moja,
akachota maji, akammwagia,
akachota tena,
soksi imelowa chapachapa,
akiwatukana shakwe kwa maneno
ambayo nyumbani yalikuwa marufuku,
mpaka bahari ikakumbuka njia.

Jioni, mezani, palikuwa na dume mwingine,
wa kuchemshwa, kwa viazi na siagi.
Baba alikula. Akaniongezea nyama ya shavu.
Juu ya mama hakusema neno.
Kisha akaenda kumlisha Hrefna, aliyekuwa na homa,
akiupuliza uji,
kijiko kimoja,
kimoja.