Barafu ya Wiki Tatu

Kontena halina kinyongo wala kumbukumbu.
Ukiliua saa nane, saa nane na sekunde nne limeamka,
limenawa uso, linakuuliza wewe ni nani.
Nililisasisha jioni, nikaenda kuchemsha kahawa,
na vipimo vya barafu vya wiki tatu
vikaondoka bila kuaga.

Hapa Kajaani, Februari, nje ni hasi ishirini na tisa.
Lori la maziwa hukata ziwa kwa barabara ya barafu,
na dereva, kabla hajashusha gurudumu la kwanza,
hutazama simu: sentimita ngapi leo?
Usiku huo simu ilimjibu: hakuna.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata,
nami nilikuwa kata isiyofika chini.
Nilidhani diski imeunganishwa.
Kumbe nilisahau nafasi mbili, kushoto mwa mstari,
na faili la usanidi likanisoma
kama mtu asomaye barua iliyolowa:
likaruka pale, likaendelea.

Nikampigia Oiva Keränen, mtoboa barafu,
miaka sabini na sita, keekee begani kila alfajiri.
"Irja, unaniamsha kwa ajili ya nambari?"
Kisha nikasikia mlango, buti,
theluji ikilia chini ya buti,
mlango mwingine. Pumzi.
"Zipo ukutani, kwenye kibanda cha kuni.
Naziandika kwa penseli kabla ya kuzituma.
Hivyo vitu vyenu sikuviamini toka mwanzo."

Akanisomea. Arobaini na moja.
Arobaini na moja tena.
Arobaini na tatu, upepo wa kaskazini.
Nikaandika, sikio likiwaka moto kwenye simu.

Nikaunda hifadhi nje ya kontena, nikaiita Kibanda.
Nafasi mbili, nne, sita,
nikizihesabu kwa kidole juu ya kioo
kama mtoto wa darasa la kwanza.
Kontena likabisha, likanyimwa:
Kibanda kilikuwa mali ya mtumiaji sifuri,
nalo lilikuwa mtumiaji elfu moja, mpangaji tu.
Nikahamisha umiliki. Likaingia.

Ukabaki mlango.
Mbele ya kontena yupo bawabu, seva wakala,
yeye peke yake ndiye anayejulikana na dunia.
Ukipiga hodi hukuonyesha cheti chake,
mnapatana ufunguo asiousikia wa tatu,
ndipo nambari ipite, imefunikwa gubigubi.
Cheti kilikuwa kimekwisha muda tangu Jumapili.
Simu za watu ziliwaonya: usipite hapa.
Nao, kwa haraka ya maziwa, walibonyeza: pita tu.
Barafu nayo huonya. Mlio mmoja, mkavu.
Nani husimama?

Nikaomba cheti kipya.
Anayekuja kwa mlango wa themanini, asiyejifunika,
nikaagiza aelekezwe wa mia nne arobaini na tatu.

Saa kumi na moja alfajiri nikaliua kontena makusudi.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Likaamka limenawa uso, halinijui.
Lakini likanyoosha mkono gizani, likapapasa Kibanda:
arobaini na moja, arobaini na moja,
arobaini na tatu.

Mstari mmoja ulikuwa mtupu, wa tarehe tisa.
"Siku hiyo sikutoboa," Oiva alikuwa ameniambia.
"Tulikuwa tunamzika Sylvi."
Programu haikutaka pengo. Ikanishauri niweke sifuri.
Sifuri ni maji.
Nikaifungua sheria yake, nikaiandika upya,
nikaliacha pengo likae mahali pake.

Ng'ambo, lori likawasha taa.