Daftari la Lamzira

Jumanne jioni, umeme umerudi.
Wanafunzi wangu saba wanakung'uta theluji mlangoni
na chumba cha maktaba ya Mestia kinanuka sufu mbichi,
kitunguu saumu, moshi wa kuni.
Tuna miezi mitatu. Juni watalii watapanda huku
na mikoba mirefu kuliko migongo yao,
wataomba chumba, maji ya moto, njia ya kwenda barafuni,
nao wataomba kwa Kiingereza.

Basi naanza na herufi kubwa.
Sisi Wajojia hatuna. Kwetu jina la mtakatifu
na jina la mbwa husimama bega kwa bega.
Nawaelekeza dirishani: tazameni kila ua hapa mjini,
mnara wa mawe mbele, vijumba vikifuata.
Sentensi yao iko hivyo. Jengeni mnara kwanza.

Chichiko anajenga. Lakini farasi wake wawili
anawaandika kama kawaida, farasi.
Namwambia wakizidi mmoja huota mkia, s.
"Nimeshasema wawili," ananijibu. "Huo mkia wa nini?
Hawajui kuhesabu?"
Sina jibu. Namwambia autie tu.

Halafu vile vijineno viwili mbele ya nomino,
vinavyonikosesha usingizi tangu nikiwa chuoni:
kimoja cha mgeni anayebisha hodi,
kingine cha mgeni aliyekwisha kula mkate wako.
Makvala, mwoka mikate ya nyama, anaelewa upesi kuliko wote,
ila humwita mumewe kwa neno la kike,
na mumewe, dawati la nyuma, hukohoa.
Tumlaumu vipi? Kwetu yeye ni yeye,
awe bibi, awe bwana, awe ng'ombe aliyepotea.

Na yeye wetu, kwa Kijojia, ni is.
Hapo ndipo penye shida.
Maana wao nao wana is, herufi zilezile mbili,
wanaitamka na nyuki mwishoni, na si mtu kwao,
ni kitenzi, kamba ya kumfunga mtu kwenye sifa yake:
chumba is safi, maji is moto, mlima is mbali.
Nimeiandika ubaoni mara ishirini.
Nimepiga chaki mpaka ikavunjika.

Zoezi: andika sentensi moja juu ya jamaa yako.
Kiima, kitenzi, kisha sema yukoje.

Napita kati ya madawati na kalamu nyekundu.
Lamzira ameziba daftari kwa kiganja.
Anakitoa polepole.
Mume wangu, ameandika, kwa maneno yao, bila kosa,
mnara mbele.
Kisha is.
Kisha nukta, ameikandamiza hadi karatasi imetoboka.

Naanza kusema, kama mwalimu:
is nini? Mrefu? Mpole? Sentensi haijafika.
Tena, Lamzira,
na hapa sauti yangu inaanza kutafuta viatu vyake,
wakati huu si wake.
Bimurza alifunikwa na theluji Machi ya mwaka juzi.
Kuna umbo jingine, la wakati uliopita. Tulilisoma Alhamisi.

"Nalijua," anasema.
"Mtalii akiniuliza nitamwambia hilo la Alhamisi.
Daftari ni langu."

Naisoma tena, safari hii bila nyuki.
Mume wangu, yeye.
Nukta.

Sikujua ni kosa la lugha ipi.
Nilirudisha kalamu mfukoni, nikaomba penseli,
nikaweka vema pembeni, ndogo, ya kufutika,
halafu sikujua niende dawati lipi.

Umeme ukakatika. Hakuna aliyeinuka.
Gizani Chichiko akaanza kuhesabu mali yake kwa sauti,
farasi, mbuzi, mizinga, majembe,
na kila kimoja, hata mkewe,
akakitia mkia.