Mfuta Vumbi

Gari la kushuka mlimani limeharibika,
ndiyo maana saa tisa usiku bado nipo Atacama juu,
mikono kwapani, ndoo miguuni,
Ignasi akaniita: "Eulogia, njoo utazame."

Mimi kazi yangu ni vumbi.
Mchana, kioo cha mita nane nakipulizia theluji ya gesi
polepole, kama anayemfuta uso mtoto aliyelala.
Vumbi ni adui: mkataba wangu umesema hivyo.

Kwenye skrini, kitu kimejikunja.
Nikasema: konokono. Akacheka.
Basi maji, nikasema, yanayoliaga beseni.
"Galaksi," akasema. "Nuru yake iliondoka huko
kabla hajapatikana wa kuitwa mtu."

Katikati, umanjano wa kiini cha yai:
nyota kongwe zimebanana, hazina pa kuwahi.
Kisha mikono miwili inachomoka, inazunguka, inalegea,
buluu,
buluu ya moto mchanga,
na madoa ya waridi palipo na uzazi.

"Mkono huo," akasema, "si kitu cha kushika.
Ni msongamano. Nyota huingia, hukawia,
hutokea upande wa pili, zikaenda zake.
Umbo hubaki. Walio ndani si wale."

Hilo sikuhitaji kufafanuliwa.
Kila Septemba, kule Ayquina, msururu wa ngoma
hupinda kona ile ile ya kanisa,
njuga zile zile, vumbi lile lile hadi magotini.
Mama alikuwamo. Nikawamo.
Sasa yumo Yesenia, na viatu vyangu vinambana.

"Na hii michirizi myeusi?"
Akashusha sauti, kama anayetaja deni:
"Vumbi. Nyota hufinyangwa humo."

Nikanyamaza.
Kwetu hatukuunga nyota kwa nyota kupata mnyama.
Tulisoma giza lililo kati yake:
lama jike, shingo ndefu, mwanawe akinyonya,
wamesimama weusi katikati ya mto mweupe wa mbingu.
Kumbe tulikuwa ndani ya mkono,
tukiutazama kwa ndani,
na tulichokipa jina ni vumbi.

Asubuhi nikapanda ngazi.
Ukingoni mwa kioo, chembe moja
imekaa kama mwenye nyumba.
Nikaiomba radhi.
Nikaifuta. Mshahara ni mshahara.